Kinga, Chanjo na Kisu: Safari ya Maneno ya Tiba katika Pwani ya Kilwa na Lindi

Miongoni mwa maandiko yanayoletwa mezani kwetu ili yasahihishwe, yamo makaratasi madogo ambayo hospitali huwapa wagonjwa wanaongoja kupasuliwa. Ni maandiko mafupi, na yamkini kwa sababu ya ufupi wake hayapewi uzito unaostahili. Mojawapo lilikuwa na sentensi hii: "Dawa hii huua kinga ya mwili, mweleze daktari kabla ya upasuaji." Mfasiri wake hakukosea sarufi, wala hakuacha neno. Hata hivyo sentensi hiyo ina hatari ndani yake, na hatari hiyo niliijua kabla karatasi yenyewe haijanifikia.

Mjomba wangu, mkazi wa Kilwa Kivinje, alikuwa amekwisha kupewa karatasi ya namna hiyo. Kwa muda wa miezi mitano alikuwa akimeza vidonge vya prednisoloni kwa ajili ya maradhi ya utumbo mpana, na alikuwa amepangiwa tarehe ya kukatwa sehemu ya utumbo huo. Aliposoma kwamba dawa yake huua kinga, aliiacha siku sita kabla ya kupasuliwa, tena bila ya kumwambia mtu. Upasuaji ulikwenda vizuri. Usiku wake shinikizo la damu likaanguka, na madaktari wakatafuta damu inayovuja tumboni wasiione. Mkaza mjomba ndiye aliyeutoa mkobani ule mfuko wa vidonge, haujaguswa. Wakamtia haidrokotisoni katika mshipa, na kulipopambazuka akaomba uji. Nilipomwuliza kwa nini alifanya vile, alinijibu, "Mpwa wangu, karatasi yasema yaua kinga. Sasa mtu aende vitani ameiua ngao yake mwenyewe?"

Jibu hilo halina upungufu wa akili. Ni jibu la mtu aliyelielewa neno kama linavyoeleweka kwao. Katika makala haya nakusudia kueleza neno hilo lilivyofika hapo, pamoja na maneno mengine mawili matatu yanayoandamana nalo, ili wenzetu wafasiri, walimu na watumishi wa Serikali waone kwamba istilahi za tiba haziangukii mahali patupu. Zinaangukia juu ya maneno ambayo watu walikuwa nayo tangu zamani.

Tuanze na kitenzi. Kukinga ni kuzuia kitu kisifike: mtu hukinga jua kwa kiganja, hukinga pigo kwa mkono. Lakini kitenzi hicho hicho hutumika kwa kupokea. Mvua inaponyesha mama wa nyumba huweka ndoo chini ya mchirizi wa paa, na kazi hiyo huitwa kukinga maji. Kwa hiyo kinga husimama kati ya mtu na kijacho, ama kukirudisha ama kukipokea kwa utaratibu. Na lipo kinga jingine, ambalo wengi wa mijini wamelisahau ijapokuwa methali yake wanaijua: kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Kinga katika methali hii ni kipande cha ukuni chenye moto. Sidai kwamba maneno haya mawili yana asili moja. Nasema tu kwamba yanatamkwa sawasawa, na msomaji ataona baadaye kwa nini nimeyaweka pamoja.

Neno la Kilatini ambalo lugha nyingi za Ulaya zimelitwaa kwa maana hii, immunis, halikuwa na habari ya ngao wala pigo. Lilikuwa neno la kodi na utumishi: mtu aliyesamehewa mzigo unaowapata raia wenzake. Tofauti hiyo si ndogo. Kwa Mrumi mwenye kinga ni mtu ambaye ugonjwa haumhusu. Kwa Mswahili ni mtu aliyesimamisha kitu mbele yake, na kitu hicho kikiondolewa yuko wazi.

Pwani ya Kilwa ina sababu yake ya kulichukulia jambo hili kwa uzito. Mwaka 1905, huko Ngarambe, Kinjikitile Ngwale aliwapa watu maji yaliyochanganywa na mtama na mbarika, akawaambia kwamba risasi za Wadachi zitageuka maji. Mwishoni mwa Julai mwaka huo watu wa Matumbi waling'oa pamba huko Nandete, na vita vikaanza. Kinjikitile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa vichanga, lakini dawa ile ilisafiri hata Liwale, Lindi na Songea. Watu wa wakati ule waliiita maji, na waliiita dawa. Sina ushahidi kwamba waliiita kinga. Lakini kazi yake ilikuwa ni ile ya kukinga, na ilikuwa na miiko: aliyevunja mwiko alihesabiwa kuwa ameiharibu dawa yeye mwenyewe. Mzee wa Kilwa anapoambiwa leo kwamba kuna kitu kinachoua kinga yake, wazo la mwiko haliko mbali naye. Huacha kile kitu, wala haoni haja ya kuuliza.

Neno la pili ni chanjo. Kabla ya sindano watu wa bara na pwani ya kusini walikuwa wakichanjwa chale, dawa ikasuguliwa juu ya mikato. Wamakonde walichanja pia alama za uso, nazo waliziita nembo, neno ambalo baadaye tumelipandisha cheo likawa Nembo ya Taifa. Kwa hiyo ilipokuja tiba ya kizungu ya ndui, ambayo ilihitaji kukwaruza ngozi ya mkono na kupaka ute, neno lake lilikuwa tayari. Mwingereza Edward Jenner alipoifanya kazi hiyo mwaka 1796 alitumia ugonjwa wa ng'ombe, na lugha za Ulaya zikaliunda neno kutokana na jina la Kilatini la ng'ombe. Kiswahili hakikumtazama ng'ombe, kilitazama wembe. Ndui imekwisha duniani. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa kwa njia ya kawaida alipatikana Merka, Somalia, mwaka 1977, na tangazo la kutoweka kwake likatolewa mwaka 1980. Wembe umekwenda nayo, neno limebaki. Siku hizi mtoto hutiwa matone mawili ya polio mdomoni, na mama husema mwanawe amechanjwa, wala hapana anayecheka. Hivyo ndivyo istilahi njema inavyokua: hujitenga na asili yake bila ya kumdhuru mtu.

Chanjo huijenga kinga, na hapo maneno mawili yakaungana vizuri katika mabango ya zahanati na vitabu vya shule. Kwa miaka mingi mtoto wa shule alijifunza kwamba kinga ni kitu chema na kwamba kadiri inavyozidi ndivyo iwavyo bora. Hapakuwa na sababu ya kumfundisha vinginevyo.

Kuhusu kisu nitasema kwa ufupi. Upasuaji wa hospitali ulienea upande huu wa nchi hasa kwa kazi ya misheni. Edward Steere, ambaye kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili kilitoka mwaka 1870, ndiye aliyewaongoza watumwa walioachwa huru kutoka Lindi hata Masasi mwaka 1876, na misheni aliyoianzisha ndiyo iliyompokea daktari Leader Stirling mwaka 1935. Stirling alipasua Lulindi katika majengo ya udongo na nyasi, kisha akahamia Mnero, upande wa Nachingwea, na hatimaye akawa Waziri wa Afya wa Tanzania kutoka 1975 hadi 1980. Katika wodi za namna hiyo walilala pamoja Wamakonde, Wamakua, Wayao na Wamwera, na kilichowaunganisha na wauguzi wao kilikuwa Kiswahili. Humo kupasua, neno la kuni na maboga, lilizoea mwili wa binadamu, likazaa upasuaji, ambalo leo ni neno rasmi. Mitaani bado husemwa kupigwa kisu. Mganga naye hakuachwa nyuma: amebaki katika vyeo vya Serikali, na Mganga Mkuu wa Mkoa haoni haya kuitwa hivyo.

Sasa tufike kwenye maradhi yenyewe, maana hapo ndipo palipo na ukame wa maneno. Ugonjwa ambao mwili hushambulia utumbo wake wenyewe una sura mbili kubwa. Mmoja hukaa katika utumbo mpana na kuutia vidonda vinavyotoa damu. Wa pili huweza kukaa popote, tangu mdomoni hata njia ya haja kubwa, nao huitwa kwa jina la daktari Burrill Crohn wa New York, aliyeueleza pamoja na wenzake mwaka 1932. Daktari Denis Burkitt, aliyefanya kazi ya upasuaji Uganda tangu 1946 hadi 1966, alishangazwa na jinsi maradhi ya utumbo yaliyojaa katika hospitali za Ulaya yalivyokuwa haba Mulago, akayahusisha na chakula chenye makapi. Vyovyote iwavyo, mtu aliyeharisha damu katika hospitali za Afrika Mashariki alidhaniwa kwanza kuwa na amiba, au kuhara damu kwa bakteria, au kichocho, na aghalabu dhana hiyo ilikuwa sahihi. Katika miaka ya karibuni, kwa kuwa hospitali kubwa zimepata vyombo vya kutazama ndani ya utumbo, maradhi haya yanatambuliwa, na wagonjwa wanarudi kwao Kilwa na Lindi wakiwa na jina wasiloweza kulitamka.

Wafasiri wameyajaribu. Wengine wameandika "vidonda vya utumbo". Lakini "vidonda vya tumbo" tayari ni mali ya ugonjwa mwingine, ule wa tindikali, na mgonjwa akisikia hivyo hununua dawa za kutuliza tindikali dukani na kuacha maziwa au pilipili. Wengine wameandika "uvimbe wa utumbo", nao wamefanya vibaya zaidi, kwa kuwa uvimbe katika masikio ya watu wetu ni ule unaopimwa kama ni saratani. Mimi ningependelea kusema "mwako wa utumbo". Mwako una joto, wekundu na maumivu, na haudai kwamba kuna donge. Na hapo msomaji akumbuke lile kinga la methali. Katika maradhi haya kinga ya mwili, iliyowekwa kumzuia adui, imegeuka kinga cha moto ndani ya nyumba. Mwalimu atakayelieleza hivyo darasani hatahitaji ubao.

Tiba ya kwanza iliyouzima moto huo kwa hakika ilikuwa kotisoni. Philip Hench na wenzake wa Marekani waliijaribu mwaka 1948 kwa wagonjwa wa viungo, na mwaka 1950 wakatuzwa Nobel. Mwaka 1955 Truelove na Witts wa Oxford walitangaza majaribio yao kwa wagonjwa 210 wa vidonda vya utumbo mpana: baada ya wiki sita, katika kila 100 waliopewa kotisoni kama 41 walikuwa wametulia, na katika kila 100 waliopewa vidonge vitupu ni kama 16 tu. Lakini kabla ya hapo, mwaka 1952, madaktari wa Marekani walikuwa wamekwisha kuandika habari za mtu wa miaka 34 aliyekuwa akitumia kotisoni, akasimamishiwa dawa kabla ya kupasuliwa nyonga, akafa kwa kuanguka shinikizo la damu. Tezi zilizo juu ya figo hutengeneza dawa ya namna hiyo zenyewe kila siku, na mwili unapokatwa huzidai zaidi. Mtu anapomeza vidonge kwa majuma mengi tezi hizo husinzia, na haziamki siku vidonge vinapoachwa. Ndilo lililompata mjomba wangu, miongo mingi baada ya kujulikana.

Kisha zikaja dawa nyingine. Azathioprini, iliyotoka katika kazi ya Gertrude Elion na George Hitchings, waliopata Nobel mwaka 1988, ilijulikana kwanza katika kupandikiza figo. Infliksimabu iliruhusiwa Marekani mwaka 1998 kwa ugonjwa wa Crohn. Hiyo ni kingamwili iliyotengenezwa kiwandani ili ikamate kichocheo kimoja cha mwako. Hivyo kinga inatumwa kuizuia kinga, na mfasiri asiyekuwa mwangalifu atapotea katika sentensi ya kwanza.

Swali la mpasuaji ni moja: je, utumbo uliounganishwa utashika, au mshono utafumuka na usaha kuingia tumboni? Zamani dawa hizi zote zilitiwa katika kapu moja na kuogopwa sawasawa. Utafiti umezitenganisha. Prednisoloni zaidi ya miligramu 20 kwa siku kwa wiki sita au zaidi huongeza madhara baada ya upasuaji, kwa hiyo madaktari hupenda kuipunguza polepole kabla, wala si kuikata ghafla. Azathioprini haikuonekana kuongeza hatari hiyo. Kuhusu kundi la infliksimabu mabishano yalikuwa marefu, mpaka yalipochapishwa mwaka 2022 matokeo ya wagonjwa 947 wa Marekani: walioambukizwa baada ya upasuaji walikuwa asilimia 18.1 kwa waliotumia dawa hizo na asilimia 20.2 kwa wasiozitumia, yaani hapana tofauti ya maana. Katika utafiti huo huo waliotumia dawa za jamii ya kotisoni, na wavutaji wa sigara, ndio waliopata maambukizo zaidi. Maana yake kwetu ni kwamba hata istilahi iliyo sahihi haitoshi ikiwa ni moja tu. Karatasi inayosema "dawa za kinga" bila ya kutaja kila dawa kwa jina lake imemnyima mpasuaji habari anayoihitaji.

Huku kwetu pana la kuongeza, ambalo karatasi zilizofasiriwa kutoka Ulaya halimo. Dawa inayoinyamazisha kinga huweza kuamsha kifua kikuu kilicholala. Huweza kuwaachia minyoo fulani wa udongoni wakaenea mwili mzima. Na mwenye amiba akidhaniwa kuwa na mwako wa utumbo na kupewa kotisoni, utumbo wake huweza kutoboka. Mfasiri anayefasiri neno kwa neno hawezi kuliona pengo hilo, maana halimo katika asili.

Tukirudi kwenye istilahi, wasomaji wetu watakumbuka lililotokea katika miaka ya themanini. Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa Kagera, na kabla ya neno rasmi watu wa huko waliuita ugonjwa Juliana, kwa jina la kitambaa. Kisha likaundwa neno UKIMWI. Wapo waliolifungua kwa "ukosefu wa kinga mwilini" na wapo walioshika "upungufu", na hapa Tanzania upungufu ndio ulioshinda, kwa haki, maana aliyekosa si sawa na aliyepungukiwa. Lilikuwa neno zuri kwa kazi yake. Lakini tangu siku hiyo mzizi wa "upungufu wa kinga" ulikwisha kuchukuliwa, na anayeandika leo "dawa za kupunguza kinga" anamwambia msomaji wa kawaida kwamba hospitali inampa UKIMWI katika kidonge. Si dhihaka. Nimelisikia swali hilo kwa masikio yangu, likiulizwa kwa sauti ya chini.

Basi tupime maneno yaliyopo. "Kuua kinga" ni uongo, maana kinga haifi. "Kukandamiza" lina nguvu za dola. Linafaa katika kitabu cha chuo, si mkononi mwa mgonjwa. "Kufubaza" lingependeza, lakini limekwisha kuzoeleka kwa dawa za virusi vya UKIMWI, na tungerudi kule kule. Lililobaki ni "kutuliza". Watu wanajua dawa ya kutuliza maumivu, wanajua bahari iliyotulia, na hapana anayedhani kwamba bahari iliyotulia imekauka. Wenzangu wawili wamepinga kwamba kutuliza ni neno laini mno, litamfanya mgonjwa adharau homa au kidonda kidogo. Pingamizi lao lina uzito, nami nimelijibu kwa kuongeza onyo badala ya kubadili neno.

Watu wa upande huu wana haki ya kusikilizwa katika mambo kama haya. Homa iliyozuka katika uwanda wa Makonde mwaka 1952 na 1953, katika iliyokuwa Jimbo la Kusini, inaitwa chikungunya katika kila hospitali ya dunia. Ni neno la Kimakonde, nalo laeleza mtu anavyopindika kwa maumivu ya viungo. Wataalamu waliwauliza wagonjwa wanauitaje, wakaandika walivyoambiwa.

Nami nilimsomea mjomba rasimu yetu, barazani kwake: "Dawa hii hutuliza kinga ya mwili iliyozidi ukali. Usiiache wala usiipunguze wewe mwenyewe kabla ya kupasuliwa. Mwonyeshe daktari wa upasuaji na daktari wa usingizi dawa zako zote, uwaambie unameza kiasi gani na tangu lini. Ukipata homa, hata ndogo, rudi hospitali siku hiyo hiyo." Alisikiliza mpaka mwisho, akanitaka nirudie sentensi ya pili, kisha akauliza, "Na ikiwa sikuiacha mimi, imeniacha yenyewe? Duka la dawa hapa huishiwa." Hatukuwa tumelifikiria. Sentensi ya tano ya karatasi, "Dawa ikikaribia kukuishia, toa habari hospitali kabla haijakwisha," ni ya kwake.